Msiba wa Maneno Mia Tano

Jumanne, 15 Julai 2025

Dirisha la maombi linafungwa tarehe 31. Siku kumi na sita! Vyeti nimeshapakia. Picha nimeshapakia, nimetoka na jicho moja dogo, basi tena. Kilichobaki ni barua ya Mkuu wa shule na maelezo binafsi. Maneno mia tano, kwa Kiingereza: kwa nini unataka kusoma uzamili wa saikolojia ya ushauri? Ni jambo gani maishani mwako limekufikisha hapa?

Jambo gani. Wangeuliza nimekula nini ningejibu haraka.

Mwaka wa tatu huu mimi ni mwalimu wa unasihi hapa Masumbwe. Watoto wanakuja ofisini kwangu — ofisi gani, stoo ya vitabu yenye viti viwili — wanalia, nami nawaambia semeni ukweli, ukweli ukisemwa unapungua uzito. Leo nimekaa mbele ya laptop tangu kipindi cha nne mpaka kengele ya kutoka. Nimeandika jina langu. Anisia. Halafu nikabadilisha ukubwa wa herufi mara tatu.

Madam Violeth wa Jiografia alipita akachungulia. Dada yake alipata nafasi ya uzamili mwaka juzi, kwa hiyo kwa mambo haya yeye ndiye bingwa wetu. Akasema usiwaelezee vyeti, vyeti wanavyo. Waandikie kitu cha kuwatoa machozi. Mtu aliyekufa anasaidia sana, akasema, akacheka, akaenda zake Form Two na ramani yake kwapani.

Jumatano, 16 Julai

Nimemaliza! Maneno mia nne tisini na nane. Nimeandika kwa saa moja tu, bila hata kufuta. Nilipaswa kushtuka hapohapo.

Nayaweka hapa kwa lugha yangu ili niyaone vizuri. Nimeandika kwamba mama alikuwa mamalishe kwenye machimbo karibu na Runzewe. Baba alifukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, nikiwa na miaka kumi na moja. Mama akaanza kuugua akili. Hakuna aliyejua kwamba ule ni ugonjwa. Wengine walisema ni wivu wa watu, wengine walisema dhahabu inataka mtu. Mpaka hapo kila neno ni kweli. Halafu nimeandika: mama alifariki nikiwa na miaka kumi na tatu, bila kuonwa na mtaalamu hata mmoja. Nikalelewa na mama mdogo. Siku ya mazishi niliapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayepotea hivyo mbele ya macho yangu.

Niliapa! Mimi!

Ukweli ni huu. Mama ni mzima. Anaitwa Mbuke, yuko Runzewe kwa mama mdogo Lusia, nyumba ileile niliyokulia. Kila mwezi anapelekwa hospitali anachomwa sindano. Asubuhi anafagia uwanja, anamwagilia mchicha wake. Mikono inatetemeka kidogo kwa sababu ya dawa. Siku nyingi anajua kinachoendelea kuliko nusu ya walimu wenzangu. Siku nyingine anasimama barabarani anawaita wachimbaji waje kula, wali unapoa — wachimbaji ambao wengine walikufa na baba. Mara ya mwisho nilikwenda Pasaka. Nililala siku moja nikasingizia usahihishaji.

Nilianza kumuua zamani. Mwaka wa kwanza chuoni, wenzangu wa chumbani walikuwa wanaonyeshana picha za mama zao. Zamu yangu ilipofika nikasema wangu alishafariki. Ilitoka kirahisi kama kukohoa. Wakanikumbatia, mmoja akanipikia chai. Na hakuna aliyeuliza swali la pili. Marehemu haulizwi anakaa wapi, anavaa nini, kwa nini anacheka peke yake. Hapa Masumbwe sikuwahi kurudia uongo huo. Nilinyamaza tu, na watu hawakuuliza.

Lakini sasa nimeuandika. Kwa sababu nikiandika kwamba yu hai, watauliza: mbona hukai naye? Mtaalamu mtarajiwa wa akili za watu, mbona wako umemwachia mama mdogo?

Naona aibu hata kuiacha laptop wazi. Lakini sijafuta.

Alhamisi, 17 Julai

Nimechapisha nakala steshenari ya sokoni, nimempelekea Mkuu. Lazima asome ndipo aandike barua ya kunidhamini. Mkuu Sostenes ni mtu wa kuhesabu chaki. Nilidhani atasoma mistari miwili, agonge muhuri, yaishe.

Akaiweka kwenye mkoba wake. Akasema ataisoma nyumbani, kwa utulivu, kwa sababu mtu akikuomba umsemee ni lazima ujue unasema nini.

Utulivu wa nini tena, Mkuu.

Jumatatu, 21 Julai

Mungu wangu.

Nianze wapi. Kikao cha asubuhi, walimu wote kumi na tisa, chai bado ya moto. Mkuu akasimama. Kawaida anaanza na wachelewaji. Leo akavua miwani, akaifuta, akavaa, akavua tena. Akasema: ndugu walimu, tuna jambo la aibu humu ndani. Nikajua nimekamatwa. Kwa sekunde mbili hivi — naandika kwa sababu hakuna anayesoma hapa — nilisikia nafuu.

Halafu akasema: mwenzetu Anisia amekaa nasi miaka mitatu na msiba wa mama yake moyoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda kumhani. Tumekula naye, tumecheka naye, tumempa watoto wetu awafute machozi. Yeye nani amemfuta? Sauti ikamkatika. Mkuu Sostenes! Aliyemrudisha Mwalimu wa Kemia kwa kuchelewa dakika nne!

Violeth akaja akanishika bega. Nadhani alikumbuka utani wake wa juzi. Masikini Violeth, naye amepata aibu isiyo yake.

Kisha Mwalimu Theonest. Huyu ni mwenyekiti wa kamati ya faraja, na kazi hiyo anaipenda kuliko Hisabati. Ana daftari la misiba yote ya watumishi tangu shule ifunguliwe, nani tulikwenda kwake, nani bado. Akalifungua papo hapo. Akasema Jumamosi hii tunakwenda Runzewe.

Nikasema ilikuwa zamani, mwalimu, miaka kumi na sita imepita. Akasema pole haichachi. Wazee wanasema ukila na mtu ambaye hujampa pole ya mzazi wake, chakula hicho umekiiba. Nikasema ni mbali. Wote wakaguna, Theonest akanikumbusha kwamba tulikwenda Buseresere kwa Mwalimu Magesa, mvua inanyesha, gari limenasa, akina mama wanasukuma. Runzewe ni lami tupu. Nikasema nyumbani hakuna mtu wa kupokea wageni. Hapo Mkuu akainua karatasi yangu mwenyewe. Mama mdogo je? Umeandika ulilelewa na mama mdogo, akasema kwa upole.

Nilishindwa na Kiingereza changu mwenyewe.

Baada ya kikao nilimfuata ofisini. Nilikwenda kusema. Kweli kabisa, nilikwenda kusema, nilikuwa nimeshafunga mlango nyuma yangu. Nikasikia mdomo unauliza habari za barua. Akasema barua ataandika kabla ya Jumamosi, lakini atanikabidhi hukohuko nyumbani. Hawezi kumpa mtu barua ya kusema namfahamu wakati kwao hapajui. Na ruhusa ya masomo atanisimamia mwenyewe wilayani.

Nikasema asante, Mkuu. Nikatoka. Nikamkuta binti wa Form Three ananisubiri pale stoo, anataka ushauri. Nikamwambia aje kesho.

Jumanne, 22 Julai

Wanachanga. Mchele wa Masumbwe mpya wa mwaka huu, sukari, majani ya chai, sabuni, doti mbili za khanga kwa mama mdogo. Theonest anapita madarasani na daftari lake. Mpishi wa shule ameleta karanga. Mpishi! Nilijifungia stoo nikalia, halafu mtu akapita dirishani akamwambia mwenzake mwacheni, ndiyo kwanza msiba unamtoka.

Jumatano, 23 Julai

Nimefungua ukurasa mpya. Nimeandika: Mama yangu yuko hai.

Nimekaa nao dakika arobaini, kipindi kizima cha Michezo, watoto wanapiga kelele uwanjani. Sentensi ya pili haikuja. Nilijaribu kuanza na ugonjwa wake, nikaona namsema. Nilijaribu kuanza na mimi, nikaona najisifu. Nikajaribu kuandika lini nilimwona mara ya mwisho, nikafunga laptop.

Yale ya kwanza yaliandikika kwa saa moja. Nani alisema uongo ni kazi ngumu.

Alhamisi, 24 Julai

Nimempigia mama mdogo. Nimefanya jambo ambalo nikiwa mzee nitakuwa bado nalikumbuka.

Shikamoo mama mdogo. Marahaba, hujambo, mbona kimya hivyo. Nikamwambia Jumamosi nakuja na wageni, walimu wenzangu na Mkuu, kama watu ishirini. Akafurahi! Akauliza watakula nini, atafute sufuria kwa nani. Nikasema wanakuja na kila kitu. Nikamwomba siku hiyo ampeleke mama Ushirombo, kwenye jumuiya, au kwa shangazi, popote, mpaka jioni.

Nilisikia jogoo wao anawika.

Akauliza: nimpeleke kwa nini? Nikasema watu wengi wanamchosha. Akasema: watu hawajawahi kumchosha, Anisia, yeye alilisha mgodi mzima. Nikasema basi, mama mdogo, nisaidie tu mara hii moja. Akasema mama yako si mbuzi nimhamishe kamba. Halafu akakata. Au bando liliisha. Nataka sana iwe bando.

Sikumwambia wanakuja kufanya nini. Hilo nimelibakiza.

Ijumaa, 25 Julai

Ujumbe wa mama mdogo asubuhi, herufi kubwa kama kawaida yake: MAMA YAKO KASIKIA SIMU. ANASEMA WAGENI ISHIRINI WATU WAZIMA NA MKUBWA WAO NI WASHENGA TU. ANASEMA UMEPATA MCHUMBA. AMESHAANZA KUPAKA UKUTA.

Nimeusoma nikiwa darasani, Form One wananiangalia.

Anapaka ukuta. Kwetu wakwe wakija nyumba inapakwa udongo mweupe mbele, hata kama ndani mnakaa na panya. Kwa miaka kumi na sita nadhani hakuna mtu aliyempa sababu ya kupaka ukuta.

Jioni Theonest amekuja kunipa ratiba. Hiace mbili. Akina mama watafunga khanga kiunoni na kuingia wakiimba. Mkuu atasema neno la shule, halafu sala, halafu familia ieleze habari za marehemu. Akaniuliza jina kamili la marehemu ili aliweke kwenye daftari. Kalamu juu, anasubiri.

Nikamtajia. Mbuke. Akaandika, akaweka msalaba mdogo pembeni, kama anavyofanya kwa wote. Mwandiko mzuri sana.

Mama, nisamehe. Nimesimama pale nikamwangalia anauchora.

Jumamosi, 26 Julai. Runzewe, saa sita kasoro mchana

Niko chumbani kwa mama mdogo. Wako nje. Nimetumwa mikeka na nimekaa juu yake, naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele.

Nilitangulia na basi la alfajiri. Nilisema nakuja kuandaa. Nilikuja kuona kama ameondolewa. Nilipoteremka barabarani nikaiona nyumba kutoka mbali, nyeupe, na mistari ya udongo mwekundu chini, imepindapinda pale mkono ulipotetemeka. Uwanja umefagiwa mpaka kwenye lami. Mama amesimama katikati, kitenge kipya, nywele zimepakwa mafuta. Miguuni amevaa viatu vyangu vya chuo, vile nilivyoviacha hapa kwa sababu vimechakaa.

Akaja mbio. Ng'wanone! Mwanangu, wakwe wanafika saa ngapi? Akanishika uso kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa maangavu, yametulia. Ni siku yake nzuri. Niliombea iwe siku mbaya. Naandika hivyo hivyo: njia nzima ndani ya basi nilikuwa naomba mama yangu awe mgonjwa leo, ili nikiulizwa niseme ni mgonjwa tu wa jirani anayepitapita.

Mama mdogo Lusia alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele. Hakuinuka. Shikamoo. Marahaba. Akasema bila kuniangalia: nimekaa naye miaka kumi na sita, leo kaa naye wewe.

Nilikuwa na saa mbili. Saa mbili nzima! Ninao mpango ninaowafundisha watoto wa namna ya kusema jambo gumu: vuta pumzi, taja jambo lenyewe, nyamaza usikilize. Nilivuta pumzi. Nikanyamaza. La katikati nililiruka. Tulinyonyoa kuku pamoja — amemchinja kuku wake mtagaji, yule mweusi, kwa ajili ya wakwe. Akaniuliza kijana ni wa wapi. Akasema asiwe mchimbaji, tafadhali, asiwe mchimbaji, mwingine yeyote. Nikasema hapana mama, si mchimbaji. Akashukuru: wabeja, wabeja. Akapiga makofi kidogo, ana manyoya vidoleni.

Saa nne na nusu Hiace zikapiga honi.

Mama akatoka mbele yetu sote, anakimbia, kigelegele kinatoka kirefu, chenye nguvu, kigelegele cha mtu aliyekitunza miaka mingi. Majirani wakatoka milangoni. Na kutoka upande wa pili wanateremka akina mama wa shule yangu, khanga kiunoni, wanaimba wimbo wa mazishi, Violeth mbele analia tayari. Vikakutana katikati ya uwanja. Wimbo ukayumba. Kigelegele kikakatika. Theonest akavua kofia.

Watu wakatazamana. Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti, kisu cha kuku mkononi.

Mama akawaangalia mmoja mmoja, zile nyuso, zile khanga. Akapiga magoti kidogo akawasalimu. Akauliza kwa sauti ndogo: mmefiwa na nani, wanangu?

Theonest, kwa ile sauti yake ya kamati, akamjibu kwamba wamekuja kumpa pole mwalimu wao. Alifiwa na mama yake mzazi akiwa mtoto, na wao hawakujua. Wamechelewa, wanaomba radhi.

Mama akageuza kichwa akaniangalia.

Sikuweza kupandisha macho juu ya vile viatu. Nilivihesabia vitundu vya kamba. Nilisubiri acheke, au apige yowe, au awaite wachimbaji. Nilisikia ungo wa mchele ukiwekwa chini na mama mdogo anainuka. Najua mama mdogo anapoinuka hivyo. Alishafungua mdomo.

Mama akanyoosha mkono kumzuia. Akasema: Lusia, chukua mizigo ya watu, wageni hawasimamishwi juani. Halafu akawageukia wale: karibuni, poleni na safari. Mimi ni jirani hapa. Marehemu nilimfahamu.

Hivyo tu. Bila kutetemeka hata kidogo, yeye ambaye kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili.

Mkuu akaja akanipa mkono, akaushika muda mrefu. Akanong'ona barua ipo mkobani, imegongwa muhuri, atanipa tukishamaliza. Akasema una jirani mwema. Akaniambia nilete mikeka.

Kwa hiyo niko hapa na mikeka.

Dirisha ni dogo, nawasikia wote. Wamekaa chini kwenye kivuli cha nyumba, kwenye khanga zao. Mkuu amesema neno la shule. Wamesali. Mama mdogo ameulizwa aeleze habari za marehemu; amesema yeye hana la kusema, na ninajua alikuwa ananiangalia kupitia ukuta huu. Theonest akasema basi labda mama jirani, kama alimfahamu.

Anaongea sasa. Naandika anavyosema.

Anasema marehemu alikuwa anapika wali wa nazi huku bara ambako nazi hakuna, anaagiza kwa madereva wa malori. Anasema alikuwa mtu wa kelele. Mwishoni alipata ugonjwa, watu walimcheka sokoni, yeye alikuwa anawasikia. Watu wanadhani mwenye ugonjwa ule hasikii, anasikia. Violeth anapenga kamasi. Anasema marehemu hakuwa na kitu, ila huyu mtoto. Alipokuwa anasoma, akija likizo, alikuwa anatembea nyuma yake, hatua kumi nyuma, ili watu wasijue wako pamoja. Marehemu alikuwa anapunguza mwendo amsubiri, halafu akaelewa, akawa anakwenda tu.

Nilidhani hakuwahi kugundua. Hata mimi nilikuwa nimeshasahau.

Mkuu anauliza: na mtoto alikuja kumlilia?

Mama anasema: mtoto alikuwa shule.

Wote wamesema ndiyo, ndiyo, masikini. Mtu anasema Mungu amlaze pema, na mama ameitikia amina pamoja nao. Nimemsikia. Amina ya sauti ya juu kuliko wote.

Mikeka hii ni mitatu. Inabebeka na mtu mmoja. Mtu akiingia kunitafuta sijui nitasema nini. Ningeweza kutoka kwa mlango wa nyuma, nipite shamba la mihogo, nifike barabarani. Barua nitaikosa, lakini ningefika barabarani. Ningeweza pia kukaa kimya nusu saa nyingine: wamle kuku wa mama, wapande gari, na mimi nipate barua yangu nzuri yenye muhuri, nikasome akili za watu.

Theonest anaongea tena. Anasema ndugu zangu, hatuwezi kurudi bila kufika kaburini. Tutapiga magoti, tutaweka kijiwe kila mmoja, tuondoke. Mama jirani, kaburi liko upande gani?



Mama anasema: hilo mimi silijui, baba. Mwulizeni yeye. Yeye ndiye aliyemzika.

Wanainuka. Nasikia magoti ya Mkuu, nasikia akina mama wanakung'uta khanga. Mtu anaita Anisia. Mwingine anasema mwacheni, analia. Lakini hatua zinakuja, si nzito, ni viatu vilivyochakaa kisigino, naijua sauti yake kwenye sakafu. Zimesimama nje ya pazia. Haingii. Anapumua tu, na ananisubiri.